Masaa Kumi ya Mfukoni

Nyumbani kwa Mama,
chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 8.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi hajambo? Na wale pacha wenu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Naanza na salamu kwa sababu Mama amekaa nyuma yangu na fimbo yake, na amesema nikianza na ugomvi karatasi ataichana. Haya, salamu ndizo hizo. Ugomvi unakuja.

Sisi huku miili ni mizima. Nyonga ya Mama imeshika vizuri tangu wampasue. Anatoka kitandani mwenyewe, anafika mlangoni, anarudi. Ile fimbo anaitumia zaidi kunyooshea watu kuliko kutembelea. Mimi nimekonda kidogo, lakini usijali, nguo zangu za zamani zote sasa zinanitosha.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wako wa mwisho ulisema, na naunukuu wote maana haukuwa mrefu: "Mambo hayo tusiyaandike kwenye simu." Maneno matano. Niliyahesabu. Basi simu nimeiweka pembeni, na barua hii utaletewa mkononi na jirani yetu, yule mhudumu wa ndege anayecheka hata akiwa amechoka. Safari hii kapangiwa kuja huko kwenu. Hutaweza kuniambia haikufika.

Kwanza viatu. Mzigo wako tumeupata, na kikaratasi chako tumekisoma, kwamba Mjomba avae siku ya kwenda mbele ya kamati. Viatu vizuri, ngozi laini, vyeusi tititi. Tatizo ni kwamba ni namba arobaini na moja. Kaka, Mjomba anavaa arobaini na tatu! Wewe wa kusahau? Siku ya usaili wako wa kazi uliazima viatu vyake, ukavijaza magazeti mbele ili visikuvuke, na ukaipata kazi umevivaa hivyo hivyo. Sasa yeye kila jioni anavivaa ndani ya nyumba, kaweka kitambaa cha majimaji kwenye vidole, anazunguka sebuleni akisema vinakubali, vinakubali. Havikubali. Visigino vimechubuka vyote viwili.

Sasa niingie kwenye lenyewe. Najua unalijua, lakini nitakusimulia tangu mwanzo, maana kila ukijibu unajibu kama mtu aliyesikia habari za jirani wa jirani.

Wewe ndiye uliyekuwa mkuu wa mipango katika kampuni yetu ya ndege sita. Mimi ulinipokea pale nikiwa sijui hata tofauti ya bawa na mkia, ukanikalisha mbele ya ule ubao, ukanifundisha. Kila safari lazima ipate ndege. Kila ndege ina masaa yake mia sita ya kuruka, yakiisha lazima iingie karakanani ikaguliwe, na haizidishi hata dakika. Na karakana ni moja tu, hapa nyumbani, yenye nafasi ya ndege moja. Kwa hiyo kazi yetu ni kuzungusha safari mpaka kila ndege ikaribie kumaliza masaa yake ikiwa inarudi nyumbani. Ikimalizia huko mbali, italala huko huko na abiria watatutukana.

Halafu ukanifundisha na la pili, ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote. Uliniambia karakana usiwape masaa yote, wafichie kumi. Ikibaki ishirini na manne, andika kumi na manne. Mvua ikinyesha, ndege ikizunguka juu kusubiri kutua, yale kumi yatatuokoa. Ukayaita masaa ya mfukoni. Nilikuona una akili kuliko watu wote duniani.

Na ni wewe uliyemwambia Mjomba. Usije ukasema umesahau. Mlikuwa mnakunywa chai kwenye lile benchi la karakana, mimi nimesimama na karatasi zangu, ukacheka, ukamwambia, "Mjomba, ukiona sisi tumeandika manne, wewe jua ni kumi na manne." Msimamizi wa karakana akaambiwa na mkuu wa mipango, ana kwa ana. Miaka saba alifanya kazi kwa neno hilo. Nafasi yake ikiwa imejaa, alijua ana kumi za kuvutia pumzi, na hakuwahi kuzigusa zote hata mara moja.

Ulipoondoka niliendelea kuficha kumi kila Jumatatu, kama ulivyoniachia.

Mwaka huu akaja meneja mpya. Sisi tunamwita Bwana Rangi, kwa sababu kaja na programu ya kompyuta ambayo kila ndege ina rangi: kijani inaruka, njano inakaribia, nyekundu isimame. Programu inasoma masaa kutoka kwenye ndege yenyewe, haimsikilizi mtu. Jumatatu moja akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo masaa yanatoka humo, na mimi niiandikie karakana barua.

Kaka, ningeandika nini? "Wapendwa mafundi, kuanzia leo tumeacha kuwadanganya"? Kumi hazikuwahi kuandikwa popote, sasa utazifuta vipi kwa maandishi? Nikaandika tu kwamba masaa yatatoka kwenye programu. Lile jingine ilikuwa nitembee hatua mia mbili, kutoka dirisha langu la ofisini mpaka mlango wa karakana, nikamwambie Mjomba kwa mdomo kwamba mfuko umeshonwa.

Sikwenda. Nilikuwa nimemnunia. Na nilimnunia kwa ajili yako.

Jumapili iliyotangulia tulikuwa hapa hapa, Mama ametoka hospitali siku ya tatu, na wewe ulikuwa umetuma habari kwamba huwezi kuja, msimu wa safari umeshika kasi. Nikasema niliyosema juu yako. Sitayarudia, Mama yupo. Mjomba akaweka kikombe chini akasema, "Mwache mwenzako. Kazi ya ugenini huombi ruhusa kama unaomba chumvi." Mimi nikamrukia, nikamwambia anakutetea kwa kuwa wewe ni wa kiume, na kwamba hata ungemkanyaga usoni angekusifia soli. Aliondoka bila kumaliza chai. Siku nne nilikuwa nikipitia mlango wa nyuma wa jengo ili nisikutane naye. Mtu mzima mimi, na funguo za ofisi mkononi, nanuna kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Ijumaa nilikuwa kliniki na Mama, anatolewa nyuzi. Karakanani Bibi Harusi, ile ndege yetu mpya nyeupe, imekaa juu ya jeki, gurudumu la mbele linasubiri kipuri ambacho hakijafika. Anayetakiwa kuingia ni Kikohozi. Unamkumbuka, ile inayokohoa injini kabla ya kuwaka. Chati inasema imebakiza masaa manne. Safari zake za siku hiyo ni nne, jumla masaa saba.

Mjomba akapiga hesabu yako. Manne, na kumi, ni kumi na manne. Toa saba, zinabaki saba, kipuri kitakuwa kimeshafika. Akaandika iendelee, akagonga muhuri wake. Bwana Rangi kwenye kioo chake anaona nyekundu, anaona na muhuri, akadhani Mjomba ana kile kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga cha kuongezewa masaa, ambacho huombwa kwa barua. Akabonyeza, nyekundu ikawa kijani. Huyu kadhani kibali, yule kadhani kumi, na hakuna aliyenyanyua simu kumuuliza mwenzake.

Safari mbili za mwisho, watu themanini kila safari, walipanda ndege ambayo kwa sheria ilitakiwa iwe imelala karakanani. Walifika salama. Walipoifungua hawakukuta kitu, kichujio kimoja tu kimechafuka. Lakini sikufichi, Jumamosi asubuhi nilifungua kompyuta nikaona Kikohozi imezidisha masaa matatu. Zile hatua mia mbili nilizozikataa siku nne nilizikimbia.

Nilimkuta ameshika kikombe. Nikamwambia, "Mjomba, yale kumi hayapo. Yaliondoka Jumatatu." Hakunifokea. Ningeshukuru angenifokea. Akaniuliza mara moja tu kama nina hakika. Akaweka kikombe kwenye benchi, akaenda kwenye simu ya ukutani, akawapigia mamlaka mwenyewe. Hakuna mkaguzi aliyekuwa amegundua chochote, Kaka. Hakuna aliyeuliza. Akataja jina lake, namba ya leseni yake, akasema ameruhusu ndege ipitilize masaa matatu, waje. Halafu akaufungua ule muhuri kwenye mnyororo wa kiunoni akauweka juu ya meza, kabla hawajamwambia auweke.

Miaka thelathini na mmoja ule muhuri ulikuwa kiunoni mwake. Wewe na mimi tuliuchezea utotoni tukagonga namba yake mikononi, shuleni tukajidai sisi ni ndege zilizokaguliwa.

Kamati ilikaa mara ya kwanza wiki iliyopita. Watu watatu, jagi la maji, feni inayokwaruza. Wamempokonya leseni kwa muda, na wanataka kuamua kama ni moja kwa moja. Nikaitwa, nikaeleza habari ya masaa kumi, nikasema nilikuwa nayaficha mimi na Mjomba alijua. Mwenyekiti, mama mmoja mkali lakini anayesikiliza, akaniuliza nani alinifundisha.

Mjomba alinitazama. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameniapisha, mkono juu ya goti la Mama, kwamba jina lako halitatoka kinywani mwangu. Alisema wewe uko ugenini, umejijenga kwa jasho lako, na huko mtu akisikia mpangaji wa ndege aliwahi kuficha masaa hataki kusikia zaidi. Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Mwisho niliapa. Basi nikamjibu mwenyekiti kwamba nilikuta hivyo.

Bwana Rangi yeye alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Hajawahi kusikia habari za kumi, hajui, alikuta muhuri. Karani wa kamati akaandika kwamba mjomba na mpwa wake walikuwa na mapatano ya siri. Mapatano ya siri! Watu ambao wiki ile hata salamu walikuwa hawapeani.

Sasa sikiliza, maana ndiyo sababu ya karatasi hizi zote. Mwenyekiti alisema wazi: kukiwa na ushahidi kwamba ule ulikuwa mtindo wa ofisi ya mipango, tangu kabla yangu, na kwamba msimamizi aliambiwa na mkuu wa ofisi, basi kosa ni la ofisi kwa kutomjulisha ulipoachwa. Mjomba atapewa onyo, leseni yake na muhuri wake vitarudi. Bila ushahidi huo, leseni imekwenda. Amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Ataondoka pale akiwa fundi aliyevuliwa leseni, na hilo ndilo litakaloandikwa baada ya miaka thelathini na mmoja.

Anayeweza kuandika hayo ni mmoja tu. Ukurasa mmoja, Kaka, hata usifike chini. Jina lako, cheo ulichokuwa nacho, miaka uliyokuwepo, kwamba kumi zilikuwa zako na kwamba ulimwambia Mjomba wewe mwenyewe. Sahihi. Basi.

Sicheki hofu yako. Najua kampuni yenu kubwa, ndege mia na kitu, na najua mtu anaweza kumwaga unga kwa jambo dogo kuliko hili. Unao watoto. Lakini hebu jiulize kitu kimoja: ulificha ili ndege iwahi kukaguliwa, si ili ichelewe. Hukuiba saa ya mtu. Hata mwenyekiti alikiri kwamba kuficha vile ni kosa la mtu mwoga, si la mtu mzembe. Unaogopa kusomeka mwoga kwenye karatasi, halafu unanyamaza. Sasa kuna tofauti gani?

Na mimi nisijifanye malaika. Nimepewa barua ya onyo na nimeisaini bila kubisha. Siku nne zile ni zangu, nitakufa nazo. Ningekuwa naweza kumrudishia leseni kwa kusema mimi ndiye chanzo, ningeshalisema mlangoni kwao kwa kipaza sauti. Nimelisema. Haliwasaidii kitu, maana mimi ni mpwa na ni mhusika. Wewe tu ndiye uliyekuwa na cheo.

Unataka kujua anashindaje? Asubuhi anapiga pasi ovaroli yake, anaining'iniza nyuma ya mlango, anabaki na shati. Kisha anatembea mpaka kwenye uzio wa uwanja, anasimama upande wa nje. Ndege ikipita juu anasema hiyo Kikohozi, hiyo Bibi Harusi, bila kuinua macho. Saa nne anarudi. Kila baada ya muda mkono wake unashuka kiunoni kutafuta ule mnyororo, ukikosa anajifanya anapandisha suruali. Majirani wanamletea feni zao mbovu, anazitengeneza, halafu anatafuta pa kugonga muhuri. Mke wake alilitaja hilo kama kichekesho. Alipofika katikati akaacha kucheka, akaingia jikoni.

Na kila jioni akija kumsalimia Mama, kabla hajakaa, ananiuliza, "Kaka yako kapiga?" Mimi namwambia mtandao ulikuwa mbaya. Nimeusingizia mtandao mpaka nauonea huruma.

Roho inaniuma, Kaka. Nina hasira na wewe. Nilikuona mkubwa sana. Nilipokuwa nakuiga mwandiko wako kwenye ule ubao nilidhani naiga mtu ambaye hatashindwa na kitu. Kumbe umeshindwa na ukurasa mmoja, ukatuma viatu.

Jirani yetu anarudi Alhamisi ya tarehe 19. Atapita kwako kabla ya kwenda uwanjani, atasimama mlangoni na kunyoosha mkono. Nimemwambia asipokee mzigo wowote, hata pipi za watoto. Karatasi tu. Kamati inakaa Jumanne ya tarehe 24, saa tatu asubuhi.

Mama anakusalimia sana, na anasema nikuandikie kwamba yeye hana upande. Ameyasema hayo akiwa ameninyooshea fimbo, kwa hiyo upande wake unaujua. Mke wa Mjomba anamsalimia wifi na anauliza pacha wamefika darasa la ngapi. Nibusie hao watoto. Waambie shangazi yao bado anawawekea ile picha waliyochora ya ndege yenye miguu minne. Iko ukutani juu ya meza yangu, karibu na programu ya Bwana Rangi, na ni afadhali kuliko programu.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe kalamu.

Nilikuwa nimeshamaliza, Mjomba akaingia na vile viatu miguuni. Kaniona naandika, akajua ni kwako. Kafurahi, Kaka, utadhani ni wewe uliyeingia. Amenituma nikusalimie na nikwambie neno moja, usihangaike. Hilo ni neno lake, na nimelifikisha.

Langu ni hili: hangaika.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo,

wa dirisha lile lile.